Siku Nyogokuru Alipokula Habari za Mtaa

Nilipokuwa mtoto hapa Kamembe niliamini, na ningeapa mkono juu ya Biblia, kwamba habari ya kwenye kompyuta inasomwa mara moja tu duniani. Ukishaisoma imekwisha, imeliwa, na anayekuja nyuma yako anakuta sahani imelambwa. Usicheke, rafiki yangu. Hata wewe ungeamini, maana sisi tuliona kwa macho. Familia moja inaingia, inasoma barua ya shangazi yao, inatoka inalia au inacheka. Familia ya pili inaingia kumsikia shangazi huyohuyo, inaangalia ekrani, kile kioo cha kompyuta, barua haipo. Ungesema imeenda wapi? Sisi tulisema imeliwa, na mtaa mzima, Wakatoliki kwa Waislamu, tulikubaliana kwa hilo kuliko tulivyowahi kukubaliana kwa jambo lingine lolote.

Nimeyakumbuka hayo juzi, nilipopita nyuma ya soko nikaona chumba kile cha kompyuta sasa kinauza chaja na vifuniko vya simu. Kijana ameegemea mlango, anasoma simu yake, anatabasamu peke yake. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nataka kununua.

Zamani chumba hicho tulikiita sentre. Tulikuwa tumerudi kutoka Kongo, sisi tuliozaliwa huko na wazee waliozeekea huko, na hakukuwa na familia iliyorudi nzima. Nusu ilikuwa huku, nusu ng'ambo ya ziwa au mbali zaidi. Ndipo ikaletwa kompyuta moja, nzito kama ng'ombe mwenye mimba, isiyo na picha hata ya kulamba. Ekrani nyeusi, herufi za kijani, basi. Kila kitu kilikwenda kwa herufi: moja ya kushuka, moja ya kufungua, moja ya kuandika, moja ya kutoka. Programu yake ilifanya kazi mbili. Ilipokea barua za mtu mmoja mmoja, na ilifungua pia kundi la habari, ambalo lilikuwa kama ubao wa matangazo: mtu wa Uvira anabandika neno lake, mtu wa Kamembe analisoma. Mtaa mzima tuliingia kwa jina moja, jina la sentre, maana nani alikuwa na jina lake mwenyewe ndani ya mashine?

Mkubwa wa pale tulimwita moniteri. Alifundishwa wiki moja Kigali, akarudi na tai shingoni na karatasi ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Saa tisa ya mchana alipiga simu kwa mashine, na mashine ikalia kama mbuzi anayechinjwa ndani ya debe. Sauti hiyo ilisikika Bukavu, na kule kisiwani Nkombo samaki walibadilisha njia. Ilipokwisha kulia tulijua habari zimeingia.

Na kwa sababu habari zinaliwa, kulikuwa na sheria. Familia haifungui barua mpaka itimie. Mama yuko sokoni? Aitwe. Kaka yuko Giheke analima? Afuatwe. Watu walioga, wakavaa nguo za kanisani. Msomaji alikuwa mmoja, wengine waligawana kukumbuka. “Wewe shika salamu. Wewe shika majina. Wewe shika siku ya safari, na usikohoe.” Kwetu msomaji nilikuwa mimi, kwa kuwa nilisoma haraka kuliko wote, na nakwambia kweli, kila mara niliogopa. Nikiruka mstari, je? Nikipiga chafya kwenye jina la aliyekufa? Nilikuwa mtoto wa darasa la nne niliyebeba shingoni habari za ukoo.

Sasa nikujulishe kwa Nyogokuru, yaani bibi yangu mzaa baba, aliyenilea pamoja na mama. Alikuwa mwembamba, mwenye pua ndefu iliyofika mahali kabla yake, na masikio ya kusikia kifuniko cha sufuria kikiinuliwa Bugarama. Lakini macho yalikuwa yanaondoka, ukungu umeanza kufunga jicho la kushoto na unalitamani la kulia. Mtoto wake wa mwisho, baba yangu mdogo, alikuwa amebaki Kongo. Mara moja alivuka kututafuta. Tulikuwa tumehama, hakuna aliyemwonyesha, na yeye ni mtu wa kuvunjika moyo upesi. Alirudi alikotoka bila kutuona, nasi tukaja kusikia baadaye, kwa watu. Tangu hapo Nyogokuru alikuwa na neno moja: “Akirudi bure tena, mimi sitamuona na haya macho.”

Basi mchana mmoja moniteri akatuma mlinzi wa sentre, mtu wa tumbo kubwa na moyo mweupe, kuja kutuambia kuna kitu chetu. Tulifika mimi na Nyogokuru. Kwenye ekrani kulikuwa na orodha ndefu, mistari ya mtaa mzima, na katikati yake jina la baba mdogo, na mbele ya jina: “Kwa maman, kuhusu kurudi kwan”. Hapo ukingo wa ekrani ukakata.

Anarudi? Harudi? Lini? Ilibidi kufungua, na kufungua ilibidi mama awepo. Moniteri akatoka mwenyewe kumwita sokoni, alikouza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Tukabaki wawili.

“Liko wapi jina lake?” Nyogokuru aliniuliza.

“Hapa, Nyogokuru. Katikati.”

“Nionyeshe. Hii jicho moja ingali inaona kidogo.”

Hakujua kusoma, lakini alitaka kuliona. Akainama, akasogeza pua mpaka karibu iguse kioo, akanyoosha kidole kulipapasa lile jina kama unavyompapasa mtoto aliyelala. Na ili asianguke, akaegemeza kiwiko mezani. Meza ilikuwa imejaa kibodi.

Mashine ikasema *ti*. Mistari yote ikaondoka. Chini kabisa ikabaki sentensi moja ya Kifaransa kwamba hakuna habari mpya.

“Mbona sasa kumekuwa giza?” akasema.

“Yote imeenda, Nyogokuru.”

“Yetu?”

“Yetu na ya batu bote.”

Mama alipoingia na mikono inanuka samaki alitukuta tumesimama kama watu waliovunja sanamu ya Bikira. Moniteri alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akalegeza tai, akakaa, akamgeukia bibi kizee.

“Mukecuru, ulifanya nini?”

“Nilikuwa naangalia mutoto wangu.”

“Na kiwiko?”

“Kiwiko nacho kilitaka kumuona.”

“Habari za mutaa muzima!” moniteri akashika kichwa. “Batanitoa meno. Sikieni, tutasema lini, ile waya ya simu, imekatika. Hakuna muntu ataongea.” Kisha akaandika upesi neno kwa baba mdogo: rudia, tafadhali, ulisema nini? Tukangoja jibu. Siku zikapita, halikuja. Mama alisema, “Labda hana mashine karibu.” Nyogokuru alisema jambo baya zaidi: “Muntu ambaye iko njiani hasomi.”

Ndipo hofu ikahamia kwetu, ikavua viatu. Nyogokuru alichambua mchele wa Bugarama kwa vidole, kazi aliyoijua kuliko sala, na safari hii tukatafuna mawe mpaka nikadhani meno yangu yamekuwa kokoto. Sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ilipoa sahanini mwake. Kila mbwa aliyebweka, alinyanyuka. “Nenda uangalie njiani.” Nilikwenda. Njiani kulikuwa na kuku tu.

Na mtaa nao ukaanza kunung'unika. Jirani yetu, mama muuza makaa, alikuwa na binti mjamzito Uvira, siku zimefika, na alitaka habari yake. Hakuwa mtu wa kudanganywa na mwanaume mwenye tai.

“Moniteri, unasema lini imekufa,” alimwambia mbele ya watu, “lakini kila saa tisa naisikia inalia. Ni maiti gani ile ya kulia hivi?”

Kufikia mwisho wa juma mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu: kuna mtu amekula habari zetu. Na macho yakamwangukia nani? Mlinzi. Alikuwa na funguo, na alikuwa amenenepa. Asubuhi, kwenye robineti, bomba la maji la mtaa, foleni ya madumu ilimzunguka.

“Angalieni ile tumbo,” mmoja akasema. “Ile si tumbo ya bugali.”

“Ile ni tumbo ya kusoma barua za batu!”

“Tutapikie zetu, papa, tusikie kidogo!”

Yule baba wa watu alicheka nao mwanzoni. Kisha akaacha kucheka, akaanza kuapa kwa jina la mama yake. Nilikuwa nimeshika dumu letu. Nyogokuru alikuwa ameshika bega langu, na nilisikia vidole vyake vikikaza mpaka mfupa.

“Mumuache,” akasema. “Ni mimi.”

Wakageuka.

“Njo mimi nilikula. Mutoto wangu aliandika, nikataka kumugusa, nikabakulia bote. Moniteri alinificha. Munisamehe.”

Dumu la mtu lilikuwa linafurika, maji yanakwenda bure, na hakuna aliyefunga. Nilitamani ardhi ya Rusizi inimeze na robineti yake. Mama muuza makaa akamsogelea, akasimama mbele yake, mikono kiunoni, nyeusi mpaka viwikoni.

“Mukecuru,” akasema, “na kweli ulishiba?”

Cheko lililolipuka pale! Mlinzi mwenyewe alicheka akilia, akajifuta kwa kofia. Walipotulia mama muuza makaa akapangusa uso, ukawa mweusi zaidi, akasema: “Basi hatujui nani anakuya na nani hakuyi. Tutabasubiri bote.”

Wakagawana hapohapo, kama tulivyogawana salamu na majina ndani ya sentre. Hawa kwenye daraja la Rusizi, hawa bandarini, hawa kwenye stendi ya magari yanayotoka Bugarama. Kila mmoja akataja alama za mtu wake ili wengine wazishike. Wa kwetu: pua ya Nyogokuru, mwendo wa kukanyaga kama anaogopa miiba. Mama muuza makaa na mlinzi wakapewa bandari. Sisi tulichukua daraja, kwa kuwa mara ya kwanza baba mdogo alipitia hapo.

Sijawahi kuogopa watu kama nilivyowaogopa wale waliokuwa wanavuka lile daraja. Kila mwanaume alikuwa yeye mpaka alipokaribia akawa mwingine. Mtu wa godoro kichwani. Mtu wa nyanya. Padri. “Ni ule?” “Hapana, Nyogokuru.” “Na ule mwenye viatu vinalia?” “Ule ni mwanamke.” Jua lilituchoma, vumbi likatupaka, tukala muhogo wa kuchoma tuliokuja nao, tukarudi. Kesho yake tena. Kesho yake tena. Nilianza kufikiri kwamba baba mdogo ameshapita, kwamba nilimwona nikasema hapana, kwamba nimempoteza mimi kwa macho yangu mazima.

Hata siku moja, jua likiwa bado juu, tukasikia mtu anapiga kelele nyuma yetu. Alikuwa mlinzi, anateremka mbio, tumbo mbele, yeye nyuma.

“Mukecuru! Mukecuru! Pua yako imefika na boti!”

Tulipofika bandarini, baba mdogo alikuwa amekaa juu ya gunia la makaa, na mama muuza makaa amemshika mkono wa shati kwa nguvu zake zote. Alikuwa ameteremka, akaangalia kulia na kushoto, akamkosa mtu anayemjua, akageuka. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya boti ya kurudi pale mama yule alipoiona ile pua. Shati lake jeupe lilibaki na vidole vitano vyeusi, na halikufuliwa kamwe. Alilitunza hivyohivyo.

“Maman,” alisema, “mbona hukuwa hapa? Si niliandika kwamba nitapita kwa maji?”

Nyogokuru alinyoosha mikono. Alimpapasa paji, pua, kidevu, masikio yote mawili.

“Uliandika vizuri, mutoto wangu,” akasema. “Mimi njo nilikula peke yangu.”

Jioni ile sambaza zilikaangwa mpaka ziwa likapungua. Binti wa muuza makaa naye alikuwa amejifungua salama. Msafiri wa boti ileile alileta salamu kwa mdomo. Nyogokuru alimtazama mwanawe kwa lile jicho moja muda mrefu uliobaki, na lilipofunga kabisa alikuwa ameshamaliza kumwangalia.

Sasa wote wamekwenda: yeye, sentre, robineti, ile mbuzi ya saa tisa. Habari zinaingia mfukoni kila dakika na kila mtu anakula yake chooni, kitandani, njiani. Mwanangu alipata ujumbe kwamba amefaulu mtihani, nikaja kujua siku ya tatu, kwa jirani. Hakuna anayeniambia, “Wewe shika salamu.” Hakuna anayeoga ili asome.

Nami niliendelea kuamini, ndugu yangu, mpaka nikawa na ndevu. Nilisoma shule ya jioni baada ya kazi, na siku moja mwalimu alipotufundisha kompyuta za zamani nikasimama kwa majivuno kulisimulia darasa jinsi mashine zile zilivyokuwa zinakula habari za watu, na kiwiko cha Nyogokuru kilivyomeza za mtaa mzima. Niliongeza chumvi, darasa likalia kwa kucheka. Mwalimu alingoja nimalize, akaweka chaki chini.

“Hazikuliwa,” alisema. “Mliingia wote kwa jina moja, mashine ikadhani ni msomaji mmoja ameshazisoma, ikazificha. Na kile kiwiko kiligusa tu herufi ya kuiambia kwamba zote zimesomwa. Mngeiambia ionyeshe zilizosomwa, zingerudi zote. Zilikuwa palepale.”