Mbweha Waliotiwa Ziwani

Badhaso Wado amehesabu mbweha wekundu wa nyanda za juu za Bale, Ethiopia, kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kumsikia akitaja idadi ambayo hakuiona kwa macho yake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo walilotaka kumnyang'anya.

Sisi tunamwita Abba Boora, yaani baba wa Boora, kwa jina la farasi wake. Aliacha shule darasa la sita, akachunga ng'ombe, akalima shayiri, kisha kituo cha mbweha kikamwajiri, siku moja na mimi. Tunapanda farasi alfajiri, tunamfuata mbweha mpaka kwenye shimo alikozaa, tunahesabu watoto, kisha tunaandika daftarini tarakimu za mahali pale kama GPS inavyozionyesha. Daktari wa wanyama hufuata tarakimu hizo akija na chanjo ya kichaa cha mbwa. Zikikosewa, atapiga kambi penye majani matupu, na mbweha watakufa.

GPS zetu za zamani ni za kijivu, zina vitufe vya mpira na zinatumia betri mbili za tochi. Asubuhi ya barafu Abba Boora huzipasha betri kwapani, anazirudisha, kifaa kinawaka. Lakini kati ya kumi na mbili zilikuwa zimebaki saba tu. Kwa hiyo mwezi wa Novemba ofisi ya Addis Ababa ilimtuma fundi wake wa ramani, kijana aitwaye Mesfin, atuletee vifaa vya aina mbili. Tuvijaribu siku tatu, kisha tuchague.

"Nyinyi ndio mtakaovitumia," Mesfin alituambia siku aliyofika, kikombe cha kahawa mkononi. "Semeni ukweli. Msiniogope."

"Hapa tunaogopa fisi tu, ndugu yangu," Abba Boora akamjibu, na sote tukacheka, hata Mesfin.

Kifaa cha kwanza kilikuwa kioo kitupu kama simu, kina picha za rangi, na betri yake imefungiwa ndani, inachajiwa kwa waya. Cha pili kilikuwa cha vitufe na betri za tochi. Abba Boora alivibeba vyote viwili. Cha kioo hakikutambua glavu. Akivua glavu, kidole kilichoshika umande kiliifanya ramani iruke mpaka upande wa pili wa nchi. Siku ya tatu kilizimika saa tatu asubuhi, akiwa ndio kwanza amefika kwenye shimo la kwanza. Hakuna umeme kule bondeni.

Jioni alikirudisha mezani. "Hiki ni cha mtu anayekaa ndani," alisema. "Tununulieni cha vitufe."

Mesfin hakupenda. "Mzee, tatizo si kifaa, ni mkono. Utazoea."

"Mkono huu umechanwa na barafu kabla wewe hujazaliwa. Niuzoeshe nini tena?"

Watu walicheka sana. Nadhani kicheko kile ndicho kilichotuponza.

Asubuhi iliyofuata Mesfin alichukua daftari za zamani za Abba Boora, za Abba Boora peke yake, akaingiza tarakimu zake kwenye kompyuta. Kisha akatuita wote ndani, pamoja na Adde Kuftu, mama aliye mkuu wa kituo. Kwenye ramani kulikuwa na nukta nyekundu za kifaa cha zamani na nukta za buluu za vifaa vipya. Mashimo yaleyale, lakini nyekundu na buluu hazikukutana hata mahali pamoja.

"Shimo moja, mzee, na nukta zimeachana zaidi ya mita mia mbili," Mesfin alisema. "Na haya matatu yamo ziwani."

"Abba Boora, mbweha wako wamejifunza kuogelea lini?" akauliza Kadiro, ambaye hana jambo asilolifanyia mzaha. Watu wakacheka tena.

Mesfin hakucheka. "Sitaki kusema neno baya. Lakini mtu akikaa nyumbani akaandika anachokumbuka, tarakimu zake huwa hivi." Akasema ataandika kwenye ripoti kwamba kazi ya miaka kumi na tisa haiaminiki, na kwamba vifaa vya kisasa vinataka watu wengine.

Abba Boora alisimama akatoka nje.

Mimi nilibaki nikitazama viatu vyangu. Nilijua. Daktari aliyetuletea vifaa vya kwanza alivipanga vyote, kimoja kimoja, vipime kwa kufuata ramani ya zamani ya serikali iliyobandikwa ukutani, ili tarakimu zilingane na karatasi. Mimi ndiye niliyemshikia boksi. Alituonya kwamba ramani nyingine zinaanza kupima kutoka mahali pengine, kwa hiyo jiwe lilelile litapata tarakimu nyingine. Nililikumbuka hilo neno kwa neno, nikanyamaza, kwa sababu nikisimama mbele ya watu ulimi wangu unakuwa mzito.

Nilimfuata walikofungwa farasi, nikamwambia huko. Alinisikiliza akiwa ameshika hatamu.

"Kwa nini hukuyasema mle ndani?"

"Niliona haya."

"Haya yako imenivua nguo, ndugu yangu."

Alirudi ndani, nami nyuma yake. Watu walikuwa bado wamekaa.

"Obbo Mesfin," alisema kwa heshima, "nukta zangu zimesogea upande gani?"

Mesfin akatazama. "Kusini. Kidogo magharibi."

"Zote?"

Alizipitia moja moja. "Zote."

"Kwa umbali gani?"

"Mia mbili na kitu."

"Zote?"

"Zote."

"Sasa ni mwongo gani huyo anayekosea hatua zilezile, upande uleule, miaka kumi na tisa? Ningekuwa natunga, zingetawanyika kama mbuzi. Haya, leta daftari za Kadiro."

Mesfin aliingiza kurasa mbili tu. Mbweha wa Kadiro nao wakahamia kusini, wawili wakaingia majini. Kadiro hakuwa na mzaha wa kutoa.

Tulitoka nje. GPS ya zamani ikawekwa juu ya jiwe. Mesfin alibonyeza vitufe, akalikuta jina la ile ramani ya zamani, akaweka la ramani ya vifaa vipya. Tarakimu zikageuka mbele ya macho yetu, na kifaa hakijasogea.

"Aa," alisema. "Hili ni jambo dogo. Nitasahihisha kwenye kompyuta, dakika tano tu. Nitaandika kwamba takwimu zimesahihishwa."

"Hazikusahihishwa. Zilikuwa sahihi. Andika hivyo."

"Mzee, maana ni moja."

"Si moja. Umeniita mwongo mbele ya watu kumi na mmoja." Alimwendea farasi wake, akafungua mkanda, akashusha tandiko chini. "Daktari wa chanjo anafika baada ya siku nne. Mtafutieni mtu wa kumwonyesha mashimo."

Adde Kuftu alimtazama Mesfin. "Andika."

Tukarudi ndani. Mesfin akaandika, akasoma kwa sauti ya chini kwamba mashimo ya Badhaso Wado yalipimwa mahali pake, na kosa lilikuwa la aliyezilinganisha tarakimu.

"Kadiro hakusikia," Abba Boora alisema. "Soma tena."

Akasoma tena.

"Na vifaa?" Adde Kuftu akauliza. "Andika wamechagua vya vitufe."

Mesfin alitazama sakafu. Akasema vya kioo viliagizwa mwezi uliopita, kabla hajatumwa kwetu. Vilikuwa njiani.

Siku tatu za barafu, vidole vimepasuka, tumeulizwa jambo ambalo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Mimi ndiye niliyesema, mbele ya watu wote.

"Andika na hilo."

Kalamu ilisimama. Abba Boora aligeuka akanitazama, kisha akamtazama Mesfin, na wala hakukaa chini mpaka kalamu ilipoanza kutembea.