Gari Juu ya Mawe

Tajiri wangu alipokuwa akiondoka kwenda kutibiwa ng'ambo, alikokuwa akiishi binti yake, hakuniachia agizo lolote kuhusu nyumba. Nyumba ya vyumba vitano, bustani, tangi la maji, vyote alivipita tu. Alinishika mkono tukaenda hadi kwenye gari lake, akainama kwa tabu, akachora mstari wa chaki ubavuni mwa kila tairi, juu kabisa.

"Kijana," akaniambia, na mimi nina wajukuu watatu, "tairi ikisimama mahali pamoja inajipiga bapa. Kila Jumamosi lipeleke gari hadi langoni, ulirudishe, uuache mstari umesogea robo. Na usiniwekee gari langu juu ya mawe. Hapa Lavington ukiona gari juu ya mawe, jua mwenyewe harudi."

"Sawa, mzee," nikasema. Ahadi ni deni, na mimi si mtu wa kukaa na deni.

Nilikuwa nimemwendesha miaka kumi na tisa. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyestaafu, mbishi, aliyefiwa na mkewe kama nilivyofiwa na wangu, na kwa mambo ya magurudumu hakuna fundi aliyemweza. Upepo tuliupima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi ikishapata moto inakudanganya. Nikikwaruza ukingo wa barabara mjini Nairobi, alininunia mpaka tufike Adams Arcade. Siku moja pale Dagoretti Corner alimnyang'anya fundi spana kwa kuwa alikuwa akikaza nati kwa kuzunguka duara. "Kaza moja, kisha inayoitazama," alimwambia, "la sivyo gurudumu linakaa upande." Fundi alicheka. Mzee hakucheka, akakaza zote tano mwenyewe na suti yake.

Basi akaenda. Mwezi wa kwanza mpishi akaachishwa kazi, kwa nini apikie nyumba tupu? Mwezi wa tatu mlinzi naye akaondolewa, wakaweka king'ora. Nikabaki mimi na chumba changu cha nyuma, na kuta. Lavington ni ukuta kwa ukuta. Jirani yangu wa kushoto nilimjua kwa mlio wa lango lake tu. Wanangu wanapiga simu, sikatai, lakini wanapiga wakiwa na shida. Kuna siku jua lilizama nikagundua kwamba sijatoa neno kinywani tangu niamke. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kusema hivyo.

Kilichokuwa changu ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Mzee alipiga simu bila kukosa, huko aliko kukiwa ndiyo kwanza kunapambazuka.

"Liko chini?"

"Liko chini, mzee."

"Hebu nisikie."

Hapo ninaiweka simu juu ya ndoo iliyofudikizwa kando ya njia, nawasha gari, naliendesha polepole juu ya kokoto hadi langoni na kurudi. Mzee anasikiliza. Kokoto zinasagika, gari linapita karibu na simu, linakwenda, linarudi. Nikizima, namsikia akishusha pumzi. Halafu ndipo tunapoongea: kama mvua imenyesha, kama nimefunika tairi za upande wa jua kwa gunia, kama bado ninakula ugali bila mboga kama mfungwa. Nusu saa nzima alinitania. Nikimaliza hapo nilikuwa na maneno ya kunitosha wiki nzima.

Tuliendelea hivyo mwaka na miezi. Kisha siku moja ya Jumatano akapiga binti yake. Ni mtu mwema, sitamsengenya, na ndiye aliyekuwa akisimamia kila kitu.

"Nisikize vizuri," akasema. "Daktari amesema Baba hawezi kusafiri tena. Hatarudi. Sasa hiyo gari, iweke juu ya mawe, utoe tairi uziweke stoo zisiharibike, mpaka tujue tutafanya nini. Ukimaliza unitumie picha. Na tafadhali, usimwambie. Itamuua."

Nilikasirika mpaka chai ikapoa mkononi. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia daktari, nikamkasirikia na mzee kwa kunichorea chaki kama mtoto wa shule na kuniachia mzigo wake. Lakini niliogopa pia. Nikikataa, atatafutwa mwingine wa kukaa pale, na mimi nirudi kwetu Ukambani kwa nani? Na nikiondoka, Jumamosi nani atamwambia mzee kwamba liko chini?

Ijumaa nilitoa mawe ya kujengea nyuma ya jikoni. Nililegeza nati tairi zikiwa bado chini, moja na inayoitazama, nikapiga jeki kona moja baada ya nyingine. Nilipomaliza, gari lilikuwa limeinuka kwenye mawe manne, ngoma za breki zikiwa wazi. Nilizifuta tairi udongo, nikazipeleka stoo, nikazilaza juu ya mbao mbali na dirisha. Nilituma picha. Binti akajibu, asante sana. Usiku ule sikula.

Kesho yake saa tatu simu ikalia.

"Liko chini?"

Sijui mdomo ulijiendesha vipi. "Liko chini, mzee."

"Hebu nisikie."

Sasa, gari lililo juu ya mawe linawaka kama kawaida. Nikaiweka simu juu ya ndoo, nikawasha injini, nikaiacha ingurume. Kisha nikakimbia stoo nikatoa gurudumu moja, nikalivingirisha juu ya kokoto hadi langoni nikiwa nimeinama kama mtoto anayechezea ringi. Nikaligeuza, nikalirudisha. Mgongo ulikuwa ukiniuma, jasho likinitoka, mtu mzima mwenye wajukuu. Nikazima injini, nikachukua simu.

"Umesikia, mzee?"

Niliitazama simu, nikidhani mtandao umekatika.

"Kijana."

"Naam."

"Hiyo ni moja."

Nilitaka kusema simu ni mbovu, kokoto zimelowa, chochote. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa kutoka stoo hadi langoni.

"Gari lina nne," akaendelea, taratibu, bila hasira. "Za mbele zinasaga, za nyuma zinafuata palipokwisha kusagwa. Hiyo ilikuwa inakimbia peke yake. Umeliweka juu?"

"Nimeliweka, mzee. Nisamehe."

"Ni huyu binti yangu aliyekuambia."

Nilisikia upande wake mlango ukifunguliwa, mtu akipita na vyombo, mlango ukifungwa. Alingoja mpaka kukawa kimya.

"Usimwambie kwamba najua," akasema. "Anahangaika sana kunificha, namwona. Anakuja hapa kila siku anaongea habari za Nairobi, nikipona tutafanya hili, nikipona tutafanya lile. Mwache."

"Sawa, mzee."

"Tairi umezisimamisha au umezilaza?"

"Nimezilaza. Juu ya mbao."

"Jua haliwapigi hapo?"

"Haliwapigi."

"Vizuri." Aliziita kama watu, sikumsahihisha, na mimi nilijibu vivyo hivyo. Nilikuwa nimesimama uwanjani na gurudumu limeegemea goti langu, nikiwaza kwamba sasa imekwisha, kwamba hakuna tena cha kuniuliza wala cha kusikiliza, na Jumamosi itakuwa siku kama Jumanne. Machozi yalinitoka nikayaacha, maana pale hakukuwa na wa kuniona.

"Jumamosi ijayo uko?" akauliza.

"Niko, mzee. Niende wapi?"

"Basi saa tatu. Injini usiwashe, unapoteza petroli bure." Alikohoa kidogo. "Vingirisha hiyo moja. Ila uende polepole, leo umekimbia mno."