Sauti ya Dada Haisafishwi

Dada yangu ni fundi cherehani, ana miaka arobaini na mitatu, na ndiye kiongozi wa bendi ya panki, muziki wa magitaa na makelele. Siyo panki ya kubembeleza. Ni ile kali, wimbo unaanza umeshakasirika na unaisha hujakaa sawa. Mimi napiga gitaa la besi. Ngoma anapiga fundi bomba wa mtaani kwetu, mtu mpole kupita kiasi mpaka ashike vijiti.

Tunafanyia mazoezi chumba cha kushonea. Dada hajui kuhesabu mapigo, anayashika kwa mguu: anakanyaga pedali ya cherehani huku akipiga ukelele, na fundi bomba anaufuata ule mguu. Kwa hiyo siku ya kurekodi albamu tulibeba cherehani nzima, chuma na meza yake, tukaipandisha ghorofa ya pili. Fundi mitambo wa studio alitutazama kama tumemletea mbuzi.

Nyimbo kumi na moja, mchana mmoja. Dada aliimba habari za kile kiwanda cha sare alichokitumikia miaka minane, ambako kuongea kazini lilikuwa kosa, na alikofukuzwa kwa kumjibu msimamizi. Mishipa ya shingo ilimtoka. Nilimwonea fahari mpaka vidole vikaniteleza.

Wiki iliyofuata fundi mitambo akatuita, meno yote nje.

"Nimewasafishia kazi," akasema.

Alikuwa ameifuta cherehani yote, akidhani ni makelele yaliyoingia kwenye maiki kwa bahati mbaya. Sauti ya dada ameilainisha, utadhani anamlaza mtoto. Na ngoma, bila ule mguu, zilikuwa zinatangatanga tu.

"Mtangazaji wa redio ameisikia hii, ataipiga hewani. Ile ya kwanza hata haigusi."

Nakiri, niliitaka redio. "Dada, tukubali tu. Watu watatujua."

"Watamjua nani?" akanigeukia. "Huyo anayeimba humo mimi simfahamu. Miaka minane nimefungwa mdomo. Na wewe, mdogo wangu, unataka kunifunga tena?"

Nikaona aibu. Tukaitoa sokoni ile chafu.

Mama alisema alizaa watoto wawili wazima, hajui wameharibikia wapi. Mteja mmoja alikuja mbio kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Mtangazaji naye alipiga sekunde kumi, akakata, akacheka hewani. Haikumtosha. Akapiga simu pale pale chumba cha kushonea, wasikilizaji wote wanasikia.

"Dada, hebu tuimbie kidogo basi. Lakini vizuri, kama mwanamke."

Dada aliilaza simu mezani, akavuta kiti, mguu ukashika pedali. Mimi nikarukia besi. Fundi bomba, aliyekuwa uani anatutengenezea koki, akageuza ndoo na kuishukia kwa spana. Dada akafungua kinywa.

Sekunde hamsini, hewani, mwanzo hadi mwisho. Nadhani yule bwana alisahau kitufe cha kukatia kiko wapi.

Tulipomaliza, simu ilikuwa bado haijakatwa. Dada akaiinamia, anahema, jasho linamtiririka.

"Huo ni wa kwanza," akamwambia. "Bado kumi. Usikate."