Mbuzi Wanaolamba Ukuta

Jumanne nilipanga foleni ofisi ya maji hapa Isiolo. Mbele yangu walisimama majirani wawili wa viwanda: mama wa maziwa ya ngamia na mzee wa matofali ya simiti. Maji ambayo mama huoshea mitungi ya maziwa, mzee huyachukua na kuyakorogea simiti.

Mzee akagonga kaunta. "Mama, mbuzi wa mtaa wa Kiwanjani wanalamba ukuta wa mteja wangu!"

Mama akarekebisha mtandio. "Wallahi, ni fundi gani mwingine ukuta wake unapendwa hivyo?"

Karani alicheka mpaka kalamu ikamwanguka, kisha akaamua: maji ya kuoshea mitungi mara ya kwanza, yenye maziwa, wapewe mbuzi, ya mara ya pili yaende kwa simiti. Wakapeana mikono.

Wataalamu wangehitaji semina ya siku tatu hotelini. Sisi tulimaliza kabla ya chai ya saa nne.