Gari la Matete Nililosema Nimelitengeneza

Mwalimu wa chekechea hapa Nchelenge alituagiza sisi wababa: kila mutu amutengenezee mutoto wake kitu cha kuchezea, kwa mikono yake. Mimi ninauzaka vocha tu. Nikakimbilia kwa Mama Chola, mushonaji wa nyavu, akanitengenezea gari la matete, limefungwa na uzi wa wavu.

Siku ya kuonyesha, nikahubiri: "Wababa wavivu wananunua! Mimi nimefunga kila fundo."

Mvuvi mmoja akaligeuza lile gari. "Fundo hii naijua. Ni ya Mama Chola, yeye ndiye anashonaka nyavu zangu."

Nikaapa kwa Mungu. Akanipa uzi: "Basi, papa wa mutoto, funga moja."

Nikazungusha, nikavuta, kidole changu kikanaswa.

Binti yangu akanihurumia. "Mwalimu, mumuache. Hata viatu vyake, mama ndiye anamufungiaka."