Nyumba Niliyopewa kwa Mdomo

Kwetu Lamu, binti akiolewa hupewa nyumba. Mimi nilipewa yangu, mtaa wa Langoni, siku ya harusi yangu. Baba alitamka mbele ya wanaume waliokaa barazani: "Nyumba hini ni ya mwanangu." Mama ndiye aliyeniletea habari, maana bibi harusi hakai na wanaume. Hakuna aliyeandika. Kumdai baba karatasi kungekuwa sawa na kumwita mwongo.

Nikazaa humo watoto watatu, nikafiwa na mume humo. Mdogo wangu, mwanamume pekee kwetu, niliyempakata mama alipougua, ndiye aliyesoma. Hati zilipohitajika, baba alikuwa hajiwezi, tukamtuma yeye ofisini. Sikumuuliza ameandikisha jina la nani. Niliona haya kumuuliza ndugu yangu wa tumbo moja swali kama hilo, na haya hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani.

Miaka ikapita, boriti zikaoza, dari ikaanza kumwaga mchanga vitandani. Akaja na mpango. "Dada, hama kwanza, nyumba itengezwe. Chokaa ikikauka utarudi."

Nikapanga chumba Wiyoni. Mafundi walifanya kazi nzuri, siwezi kuwasingizia. Chokaa ikakauka. Mvua ya masika ikapita, ikapita na ya pili, na kila nikiuliza naambiwa nivute subira. Kisha siku moja akaniletea kadi ya mwaliko: nyumba imekuwa jumba la sanaa, ufunguzi ni Jumamosi, asubuhi. Hati ina jina lake, akasema akiangalia viatu vyake, na mkataba wa kuikodisha ameshautia saini. Halafu akaniomba nipike sambusa.

Nikapika. Mpaka leo najichukia kwa zile sambusa.

Nilipoingia nilivua viatu mlangoni kwa mazoea. Wageni walikuwa navyo miguuni, mpaka ndani kabisa, kwenye chumba cha wanawake ambacho hata baba mkwe wangu hakuwahi kukikanyaga. Mahali nilipozalia pametundikwa picha ya punda. Ni punda mzuri, amechorwa na mtu anayejua punda. Kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani alimokuwa mama akipanga sahani zake za kaure, sahani zilikuwepo bado, na kikaratasi kinachosema zimetolewa kwa hisani ya ndugu yangu.

"Dada, ndoo uwaambie wageni mila zetu," akaniita nije mbele. Mbele ya watu alikuwa mchangamfu sana.

Nikawaambia. Nilisema katika mji huu nyumba ni ya binti, baba humpa anapoolewa, ili siku mume akimwacha au akifa asiwepo wa kumfukuza. Nilisema polepole, nikimtazama yeye, naye akatafsiri kila neno vizuri.

Mama mmoja mgeni, mwenye kofia iliyosukwa kwa ukili, akauliza: na nyumba hii ilikuwa ya binti gani?

Ndugu yangu akamjibu kwa Kiingereza kwamba nyumba hii haikujaliwa binti.

Kiingereza changu ni cha darasa la saba, lakini hicho kilinitosha. Nikaweka sinia ya sambusa chini, nikamwambia yule mama kwa maneno machache niliyokuwa nayo: binti ni mimi. Akacheka kwa furaha, akapiga makofi. Alidhani ni sehemu ya maonyesho, kwamba nimevaa buibui na kusimama pale ili kuigiza. Akanishika bega, akanisogeza mbele ya zidaka za mama, akampa ndugu yangu simu atupige picha.

Alitupiga mara mbili. Ya kwanza, akasema, haikutoka vizuri, dada asogee kidogo, anaziba sahani.