Mtoto Gani Alikupandisha Presha?

Saa mbili asubuhi, Bi Mizani anapangusa mizani yake na kumwita mama wa kwanza. Benchi la zahanati limeshajaa.

"Una presha?"

"Sina, dada."

"Haya, huna. Sasa niambie, katika hao wanne wako, nani alikupandisha presha ukiwa na mimba yake?"

Mama anaangua kicheko. "Huyo wa pili! Nilivimba uso kama puto, mume wangu akaniuliza nimepigana na nani. Lakini hiyo iliisha, dada. Nilipojifungua tu, kwaheri."

Bi Mizani anachukua kalamu nyekundu, anachora duara pembeni mwa kadi. Kwa daktari, duara hilo maana yake ni moja: huyu apimwe vizuri.

Wengi hujibu hivyo hivyo. Presha ya mimba hawaihesabu, wanaona ilikuwa ya mtoto. Kumbe aliyewahi kuipata yuko kwenye hatari zaidi ya ugonjwa wa moyo hata miaka mingi baadaye, ingawa anajiona mzima. Fomu ya wakubwa wa zahanati haiulizi. Inauliza mpaka jina la babu yako, hilo haiulizi! Marehemu mke wangu alijaza fomu ya namna hiyo. Penye "Una presha?" aliandika "hapana", maana ile ya mimba hakuihesabu.

Bi Mizani aliishia darasa la saba, akaanza hapa kwa kufagia kabla ya kupewa kazi ya kupima uzito. Swali lake alilipata kwa mkunga mmoja aliyekwisha kustaafu. Mwaka jana alichora maduara sitini na tatu. Kumi na tisa walikutwa na presha juu, na hawakuwa na habari.

Shukrani yake ni barua ya onyo kutoka kwa wakubwa hao. Ati anachafua kadi na kuchelewesha foleni. Foleni yenyewe waliomwandikia hawajawahi kuikaa! Ijumaa anaitwa mbele yao, na kazi inaweza kuota mbawa.

"Mume wangu ananiambia, 'Mama watoto, omba radhi yaishe.' Nikamwambia, baba, yataisha kwangu, kwa hao wamama je?"

Hataomba radhi. Ataomba swali lake lichapishwe kwenye fomu, mstari mmoja tu. Wale kumi na tisa wamesema watamsindikiza.

"Mmoja kaniuliza avae nini," anasema. "Nimemwambia avae viatu vya kusimamia, maana wale mabwana hawana haraka."